Ukumbi wa muziki ni nini, na unatuhusu nini sisi wa Nyanda za Juu Kusini?

Msikilizaji wetu, kila mara tunaporusha kipindi cha kwaya au ngoma za asili, swali moja hurudi kwenye ujumbe mnaotutumia: kwa nini kwaya ikiimba kanisani inasikika vizuri, lakini ikienda kuimba uwanjani au kwenye ukumbi wa mikutano inasikika kama watu wanaogombana? Wengine mnauliza kwa namna nyingine: wenzetu Ulaya wana majumba makubwa ya muziki, je, yale majumba yana kazi gani hasa, na sisi tunayahitaji?

Maswali haya mawili ni ndugu, na leo tunayajibu kwa pamoja. Tutaeleza ukumbi wa muziki ni kitu gani, unafanyia mji kazi gani, Afrika Mashariki imepitia nini na kumbi zake, na mwisho tutarudi hapa nyumbani, Mbeya na Iringa.

Ukumbi unaotofautiana na kumbi nyingine

Kumbi tunazo nyingi. Kuna za harusi, za mikutano ya halmashauri na za hoteli. Jijini Mbeya kuna Ukumbi wa Mkapa, na kwa mikusanyiko mikubwa tuna viwanja vya mpira, Sokoine kwa Mbeya na Samora kwa Iringa. Hizi zote zimejengwa ili watu waenee, wakae na wasikie anayezungumza kwenye maikrofoni.

Ukumbi wa muziki wa klasiki umejengwa kwa kusudi jingine. Ndani yake, okestra ya watu themanini au mwimbaji mmoja anaweza kusikika hadi kiti cha mwisho bila spika hata moja. Jengo lenyewe ndilo spika. Kuta, dari, sakafu, hata viti, vyote vimepangwa ili sauti ifike ikiwa nzima.

Tukisema muziki wa klasiki tunamaanisha muziki uliotungwa na kuandikwa kwa nota, ukapokelewa na vizazi vingi, na unaopigwa kwa vyombo visivyotumia umeme: fidla, filimbi, tarumbeta, piano na sauti za watu. Msikilizaji usidhani ni kitu cha mbali. Wimbo wetu wa taifa, Mungu ibariki Afrika, umetoka katika ukoo huo. Sauti yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, kwa ajili ya kwaya ya wanafunzi. Kila mwanakwaya wa kijijini anayejua sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne tayari ana mguu mmoja ndani ya muziki huo.

Sauti inavyotembea ndani ya nyumba

Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Mtu akiimba, sehemu ya sauti inakufikia moja kwa moja, na sehemu nyingine inakwenda kugonga ukuta, dari na sakafu, kisha inarudi. Ukuta ukiwa mita 17 kutoka kwa mwimbaji, sauti inakwenda na kumrudia kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Marejeo hayo yakija haraka na kwa mpangilio, sikio linayaunganisha na sauti ya kwanza, na wimbo unasikika mnene na wenye joto. Yakichelewa sana, yanapanda juu ya neno linalofuata na kuliharibu. Huo ndio mwangwi unaowasumbua katika majengo makubwa matupu.

Mtu wa kwanza kulipima jambo hili kwa hesabu alikuwa Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 aliombwa kutengeneza chumba kimoja cha mihadhara ambamo wanafunzi hawakuwa wakielewa mwalimu anasema nini. Sabine alisubiri usiku, mji ukiwa kimya, akachukua saa, bomba la kinanda na mito ya viti aliyoazima kwenye ukumbi wa jirani. Alipiga sauti, akahesabu inachukua muda gani kupotea, akaongeza mito, akahesabu tena. Chumba kikiwa kitupu, sauti ilining'inia zaidi ya sekunde tano. Kadiri mito ilivyoongezeka, muda ulipungua. Aligundua kwamba vitu laini, kama vitambaa, mito na nguo za watu, vinameza sauti, na vitu vigumu, kama tofali na saruji, vinairudisha.

Kwa hesabu zake akashauri ujenzi wa Symphony Hall mjini Boston, uliofunguliwa mwaka 1900. Hadi leo unatajwa miongoni mwa kumbi bora duniani. Tangu hapo wajenzi wanajua kwamba okestra inapendeza pale sauti inapochukua sekunde mbili hivi kupotea, na hotuba inaeleweka zaidi pale inapochukua karibu sekunde moja.

Kwa hiyo swali la mwanzo limepata jibu. Uwanjani hakuna ukuta wa kurudisha sauti, kwa hiyo sauti za kwaya zinatawanyika, kila mwimbaji hamsikii mwenzake, na wote wanaanza kupiga kelele. Kwenye ukumbi mkubwa wa saruji usio na dari wala pazia, sauti zinagongana. Kanisa la zamani la tofali nene na dari ya mbao lipo katikati ya hayo mawili.

Bati nalo lina shida yake. Tuliwahi kwenda kurekodi kwaya wakati wa masika katika ukumbi mmoja mkoani Iringa. Tulipofika wimbo wa pili, mvua ikaanza. Paa lilikuwa bati tupu bila dari. Waimbaji walikuwa wanafungua midomo na sisi hatusikii kitu. Tulikunja nyaya tukasubiri saa nzima, kisha tukahamia kwenye kanisa dogo la zamani lililokuwa karibu. Pale tuliweka maikrofoni mbili tu, na ule mkanda ni miongoni mwa tunayoombwa kurudia mara kwa mara. Kwaya ni ile ile. Kilichobadilika ni nyumba.

Ukumbi unaufanyia mji kazi gani?

Jengo zuri la sauti ni mwanzo tu. Kinachoufanya ukumbi kuwa na maana ni kazi inayofanyika ndani yake mwaka mzima.

Kwanza, ukumbi unaupa mji kalenda. Watu wanajua kwamba kila Jumamosi fulani kuna muziki, kama wanavyojua siku ya gulio. Mfano unaojulikana sana ni ukumbi wa Musikverein mjini Vienna, Austria, uliofunguliwa mwaka 1870. Kila Januari mosi okestra ya mji hupiga tamasha la Mwaka Mpya mle ndani, na redio na televisheni za nchi nyingi huliunganisha moja kwa moja. Na jambo moja la kuzingatia: ukumbi ule ulijengwa na chama cha wapenda muziki kilichoanzishwa mwaka 1812. Mfalme alitoa kiwanja, lakini wenye mzigo wa kujenga na kuendesha walikuwa wanachama. Hadi leo kuna tiketi za bei ndogo za kusimama nyuma kwa wasio na fedha ya kiti.

Pili, ukumbi unakuza viwango. Mwimbaji anayejua ataimba mahali ambapo kila kosa linasikika, anajiandaa. Spika kubwa zinaficha mengi. Ukumbi mzuri hauna mahali pa kujificha.

Tatu, ukumbi unalisha watu. Licha ya wanamuziki, kuna mafundi wa taa, washonaji wa sare, watengenezaji wa vyombo, wauza vyakula, wenye nyumba za wageni na madereva wa daladala wanaosubiri watu watoke.

Nne, ukumbi unafundisha. Kumbi nyingi zina siku za wanafunzi, ambapo watoto wanaingia bure, wanashika vyombo na kuuliza maswali.

Tano, ukumbi unatunza. Muziki haukai kwenye kabati kama nyaraka. Unakaa kwa kupigwa, na ili upigwe unahitaji mahali na siku.

Karibu na sisi kwa lugha, ingawa si kwa umbali, kuna Muscat, mji mkuu wa Oman, ambako familia nyingi zenye asili ya Zanzibar bado zinazungumza Kiswahili majumbani. Oktoba 2011 ilifunguliwa pale nyumba ya opera ya kifalme, iliyojengwa kwa amri ya Sultani Qaboos. Ina viti vipatavyo 1,100, na jukwaa lake linaweza kubadilishwa kutoka ukumbi wa okestra kuwa jumba la maigizo. Nchi isiyokuwa na desturi ya opera iliamua kujenga, kisha ikaweka kwenye ratiba moja muziki wa Ulaya na muziki wa Waarabu. Wapo waliosema ni anasa. Wengine wakasema mji usio na nyumba ya sanaa ni soko tu. Hoja hizo mbili tutakutana nazo tena hapa kwetu.

Afrika Mashariki imejifunza nini

Historia ya kumbi zetu ina mafunzo, na mengine ni machungu.

Nairobi ilipata jumba lake la taifa la maigizo, Kenya National Theatre, mwaka 1952, wakati wa ukoloni na mwanzo wa hali ya hatari. Uhuru ulipokuja, jengo lilibaki lakini mambo ndani yake hayakubadilika haraka. Mwaka 1976 waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo walikuwa na mchezo kuhusu Dedan Kimathi, na Francis Imbuga alikuwa na mchezo wake pia. Michezo yote miwili ilikuwa inaandaliwa kwa ajili ya tamasha kubwa la sanaa za Afrika lililofanyika Lagos mwaka 1977. Lakini kupata nafasi katika jumba la taifa lao wenyewe kulikuwa vita. Walipewa siku chache tu, katikati ya maonyesho ya kigeni yaliyokwisha kupangiwa tarehe. Swali lililoulizwa wakati ule bado ni swali: ukumbi wa taifa ni wa nani, ikiwa wenye taifa wanapiga hodi mlangoni?

Jibu la Ngũgĩ lilikuwa kurudi kijijini. Huko Kamiriithu, karibu na Limuru, wakulima na vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu walijenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao, wenye nafasi ya watu wapatao 2,000. Walicheza kwa Kikuyu, lugha yao. Onyesho lilianza Oktoba 1977, na watu walikuja kutoka mbali kwa mabasi na kwa miguu. Katikati ya Novemba serikali ikafuta kibali. Desemba 31 Ngũgĩ akakamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima. Mwaka 1982 ukumbi ule ukabomolewa. Ngũgĩ alifariki Mei 2025 akiwa na umri wa miaka 87, na kati ya mengi aliyoacha, habari ya Kamiriithu inabaki kuwa ushahidi kwamba kijiji kinaweza kujijengea ukumbi. Pia ni ushahidi kwamba ukumbi una nguvu kiasi cha kuwatisha wenye mamlaka.

Hapa Tanzania, funzo letu liko Bagamoyo. Chuo cha Sanaa kilianza pale mwaka 1981, na leo kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Mwaka 2002 jumba lake kubwa la maonyesho liliungua moto. Kwa miaka kadhaa wanafunzi na walimu walifanya maonyesho kwenye nafasi ndogo na za wazi, hadi jumba jipya lilipojengwa. Chuo hakikufa, na tamasha la kila mwaka halikufa. Hilo linatuonyesha kwamba watu ni zaidi ya jengo. Lakini muulize yeyote aliyekuwepo, atakwambia miaka ile bila jumba ilikuwa mirefu.

Zanzibar nako kuna habari ya kutia moyo. Taarabu ilifika Unguja katika karne ya 19, wakati wa Sultani Barghash, aliyemtuma mtu Misri kujifunza muziki. Mwaka 1905 kikaanzishwa chama cha Ikhwan Safaa, ambacho kinaendelea hadi leo. Fidla, ganuni, udi, kodiani na besi kubwa ya kusimama, hiyo ni okestra kamili, yenye wasikilizaji waliokaa kwa adabu kusikiliza maneno. Mwaka 2002 ikaanzishwa shule ya muziki, Dhow Countries Music Academy, katika nyumba ya zamani ya forodha. Waswahili, basi, hawakusubiri kuambiwa na mtu maana ya muziki wa kusikilizwa. Walikuwa nao, wakautafutia nyumba.

Kwetu, kanisa ndilo ukumbi

Turudi nyumbani. Mbeya ni mji uliokua kutokana na dhahabu ya Lupa, ukaanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1920, na sasa ni jiji. Iringa ilikua kuzunguka boma la Wajerumani. Miji hii miwili haina ukumbi uliojengwa mahsusi kwa ajili ya muziki usiotumia spika. Lakini si kweli kwamba haina kumbi za muziki kabisa. Inazo, na zimejaa kila Jumapili.

Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian na wa Misheni ya Berlin walifika katika nchi ya Wanyakyusa. Wamoravian wakaanza Rungwe, na Walutheri wakaendelea kuelekea kwa Wakinga, Wabena na Wahehe. Wakatoliki nao wakajenga Tosamaganga, karibu na mji wa Iringa. Walikuja na vitabu vya nyimbo za sauti nne, vinanda na matarumbeta. Wamoravian wana desturi ya miaka mingi ya kupiga matarumbeta alfajiri ya Pasaka kwenye makaburi, na wenyeji wa Rungwe wanaifahamu vizuri.

Tusifiche pia upande wa pili. Katika sehemu nyingi ngoma za wenyeji zilikatazwa au zilidharauliwa. Watu walifundishwa kwamba wimbo mtakatifu lazima uwe na sauti ya Kijerumani. Wapo wamisionari wachache waliofikiri tofauti, kama Traugott Bachmann wa Mbozi, aliyeheshimu desturi za Wanyiha kuliko wengi wa wakati wake. Lakini ilichukua miongo mingi kabla sauti za asili hazijaingia kanisani bila aibu.

Matokeo yake ni haya tuliyo nayo: majengo yenye sauti nzuri yako mikononi mwa makanisa, na yanafaa zaidi kwa muziki wa kanisa. Kwaya zetu zina nguvu kwa sababu zina nyumba. Muziki mwingine wote unatafuta mahali: uwanjani, kwenye turubai, baa, au kwenye sherehe ambako hakuna anayesikiliza kwa sababu wote wanakula.

Vyombo vyenye sauti ndogo

Hapa ndipo tunapoona hasara kubwa, na ndiyo sababu tumeandika makala hii.

Wahehe wana chombo kinachoitwa ligombo. Ni ubao mrefu uliochongwa kuwa na shimo kama hori, nyuzi zimepitishwa kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kibuyu kinasaidia kukuza sauti. Mpigaji anakaa, anapiga taratibu, anaimba habari za watu na mambo yaliyopita. Ni chombo cha kusikilizwa na watu waliotulia, jioni, karibu na moto.

Ukikiweka chombo hicho uwanja wa Samora, kimekufa. Ukikiweka kwenye harusi yenye spika za kutetemesha kifua, hakuna atakayejua mzee anapiga nini. Hivyo waandaaji wa sherehe wanaacha kuwaita wazee, na vijana hawaoni sababu ya kujifunza kitu kisichoitwa popote. Chombo chenye sauti kubwa kinaishi. Chenye sauti ndogo kinapotea. Hakuna aliyekipiga marufuku. Kimekosa tu chumba chenye ukimya.

Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alipita Tanganyika na mashine za kurekodi, akanasa sauti za watu wengi, ligombo la Wahehe likiwemo. Kanda zake zinatunzwa Makhanda, Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954. Tuna makumbusho Kalenga, ambako fuvu la Mtwa Mkwawa limetunzwa tangu liliporudishwa mwaka 1954. Tuna makumbusho ya Boma pale Iringa mjini. Mikuki na vyungu vina nyumba. Sauti za wakati ule, mtu wa Iringa akizitaka, anaelekezwa Afrika Kusini.

Na inawezekana kuwa vingine. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, majirani zetu, alichukua zeze na ilimba, vyombo ambavyo navyo vina sauti ya upole, akavipeleka katika majukwaa ya Ulaya na Asia hadi alipofariki mwaka 2003. Watu walikaa kimya kumsikiliza. Alikuwa na kipaji kikubwa, lakini pia alipata mahali palipojengwa kwa ajili ya kusikiliza.

Je, tujenge?

Tunajua mtakachosema, kwa sababu na sisi tunaishi hukuhuku. Zahanati haina dawa za kutosha, barabara ya kuteremsha viazi na mbao inakatika kila masika, halafu tuzungumzie ukumbi wa fidla? Ni hoja ya haki. Jumba la muziki ni ghali kujenga, na ghali zaidi kulitunza. Afrika ina majumba mazuri yaliyofunguliwa kwa mbwembwe kisha yakawa maghala ya viti vya plastiki.

Mfano wa kutufaa zaidi pengine ni wa Kinshasa. Mwaka 1994 Armand Diangienda, aliyekuwa rubani wa ndege, alianzisha okestra katika kanisa la Kimbangu. Hawakuwa na ukumbi. Mwanzoni watu walipokezana fidla, mmoja akimaliza zamu anampa mwenzake. Walitengeneza vyombo vingine wenyewe, wakafanya mazoezi usiku baada ya kazi, umeme ukikatika wakaendelea gizani. Leo okestra hiyo inajulikana duniani, na mwaka 2010 ilitengenezewa filamu. Walianza na watu na nidhamu, na jengo halikuwa la kwanza kwenye orodha.

Msimamo wetu, basi, ni huu. Mbeya na Iringa hazihitaji kesho asubuhi jumba kama la Muscat. Zinahitaji, kila mji, chumba kimoja cha watu mia mbili au mia tatu, chenye dari, kuta nzuri na utulivu, kilichotengwa kwa ajili ya kusikiliza, na tarehe zinazojulikana mwaka mzima. Chumba hicho kinaweza kuwa ukumbi uliopo tayari, ukitengenezwa. Na kiwe wazi kwa kwaya, kwa ligombo, kwa taarabu, kwa shule zinazojiandaa na mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA, na kwa waumini wa dini zote na wasiokwenda popote. Kila halmashauri ina afisa utamaduni. Hilo ni swali halali la kumpelekea.

Mnachoweza kufanya huko mliko

Huko kijijini hamna haja ya kusubiri mji. Kuna mambo yanayowezekana kwa gharama ndogo.

*Pimeni chumba kwa kofi.* Ingia kwenye darasa, kanisa au ofisi ya kijiji kukiwa kimya. Piga kofi moja kali, uhesabu. Sauti ikikatika mara moja, chumba ni kikavu, kinafaa hotuba. Ikining'inia sekunde moja hadi mbili, kinafaa kuimba. Ikizidi tatu, maneno yatapotea. Kumbuka pia kwamba watu wakijaa, nguo zao zitameza sehemu ya sauti.

*Rekebisheni kwa mlivyo navyo.* Chumba kikiwa na mwangwi mwingi, tundikeni vitenge, mablanketi au mikeka kwenye ukuta wa nyuma. Kikiwa kikavu mno, ondoeni vitambaa. Dari chini ya bati, hata ya mbao nyepesi au mianzi, inapunguza kelele ya mvua na ya jua linapotanua bati.

*Ipangeni kwaya vizuri.* Waimbaji wawe na ukuta mgumu nyuma yao, wakae nusu duara ili wasikilizane. Wapigaji wa vyombo vya sauti ndogo wawe mbele kabisa, ngoma ziwe nyuma.

*Zimeni spika kwa wimbo mmoja.* Kwenye sherehe yenu ijayo, ombeni dakika kumi za kimya. Mwiteni mzee au bibi anayejua kupiga au kuimba ya zamani. Watoto wakae mbele.

*Rekodini kwa simu.* Weka simu kwenye hali ya ndege ili isiite. Isimamishe mita mbili au tatu kutoka kwa mwimbaji, kwenye kimo cha kifua au kichwa, juu ya kitu laini kama khanga iliyokunjwa. Usiishike mkononi, na usiiweke upande wa upepo. Kabla hajaanza kupiga, mwombe aseme jina lake, kijiji, jina la chombo na amejifunza kwa nani. Mwulize kama anakubali sauti yake isikike na wengine. Kisha hifadhi nakala mahali pawili.

Redio yetu nayo ni ukumbi wa aina yake. Haina kuta, haina tiketi, na aliye Ileje na aliye Kilolo wanakaa safu moja. Lakini redio inategemea kitu ambacho haiwezi kukitengeneza peke yake: mahali ambapo mtu amekaa, watu wamenyamaza, na uzi umepigwa. Ukimjua mzee anayepiga ligombo, au chombo kingine ambacho hamkisikii tena kwenye sherehe, tuandikie jina la kijiji. Tutakuja, na safari hii tutauliza kwanza kama nyumba ina dari.